Maswali Yenu: Askofu na mke mmoja

SWALI: Shikamoo mhariri, 1 Timotheo 3:2 inasema askofu awe mume wa mke mmoja, sasa mbona maaskofu wa Katoliki hawaoi kabisa? Hapa mtaani tunabishana kila siku. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba. Kwanza ujue askofu wa kwenye hiyo barua sio huyu wa leo mwenye jimbo na kofia ndefu, Kigiriki ni episkopos yaani mwangalizi, na ukisoma Tito 1:5-7 utaona Paulo anaanza na wazee halafu hapohapo anasema askofu, kazi ileile tu. Na wengi walikuwa na familia, hata Petro alikuwa na mama mkwe, soma Mathayo 8:14.

Kutokuoa kulikuja polepole, viongozi wa kanisa wakitegemea Mathayo 19:12 na 1 Wakorintho 7 panapoongelea kuishi bila ndoa, mpaka Mtaguso wa Pili wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1139 ukasema ndoa ya padri ni batili. Kwa hiyo ni sheria ya kanisa, na hata Katoliki wenyewe wale wa mapokeo ya Mashariki wana mapadri wenye wake. Waorthodoksi nao padri anaoa kabla hajapewa upadri, ila askofu lazima awe hana mke. Martin Luther, aliyeanzisha Ulutheri, yeye alimuoa Katharina von Bora 1525, aliyekuwa mtawa, wakapata watoto sita, ndo maana askofu wa Kilutheri unamwona na mama askofu pembeni.

Mi naona Paulo alikuwa anataka mtu mwaminifu nyumbani kwake, hakuwa anamlazimisha yeyote aoe, maana mwenyewe hakuwa na mke.