Taa za LED kwa miche: ushauri kwa wanaoanza Mtwara na Lindi

Wewe unayetaka kuanza kilimo cha taa huku kwetu Kusini, kabla hujanunua chochote, toka nje saa saba mchana ulitazame jua. Hata Juni siku yetu ina mwanga wa zaidi ya saa 11. Wakulima wa Uholanzi huwasha taa kwenye vitalu nyumba kwa sababu wakati wa baridi jua lao halitoshi. Sisi kitalu nyumba kinatutesa kwa joto, si kwa giza. Nyanya na hoho zilizokwisha kusimama usizipangie taa. Fedha hiyo itie kwenye neti ya kivuli na matundu ya kutolea joto.

Taa inalipa chumbani, kwenye rafu za miche na mboga fupi kama saladi.

Unaponunua, usibabaishwe na lumeni. Hizo hupima mwanga kwa jicho la mtu. Mmea hupimiwa maikromoli, yaani hesabu ya chembe za mwanga, zinazofika jani kila sekunde kwa kila mita ya mraba, na miche mingi ya mboga hukua vizuri kwenye 150 hadi 250. Huna kipimo? Programu ya simu ya kupima mwanga itakusaidia: kwa taa nyeupe, ikisoma luksi 14,000 ni kama maikromoli 200. Kwa taa za zambarau hesabu hiyo haifai, na mimi sizipendi hata kwa sababu nyingine: chini yake huoni jani likianza kuwa njano wala doa la ugonjwa.

Baada ya hapo usome mche wenyewe, kila asubuhi. Shingo ikiwa ndefu, nyembamba, inainama kwenye trei, mwanga ni mdogo, shusha taa. Majani ya juu yakipauka na kujikunja kingo, ipandishe. Mche unaotakiwa ni mfupi, shina nene. Ukiupitishia kiganja, unainama na kusimama tena.

Taa ya wati 100 ikiwaka saa 14 inakula yuniti 1.4 za LUKU kwa siku. Funga taima. Miche ya nyanya usiiwashie usiku kucha, mwanga usiokatika huyaumiza majani yake. Ukiwa karibu na bahari, tafuta taa iliyozibwa vizuri, yenye alama ya IP65, na futa chumvi kwenye mapezi ya kupoza, maana taa inayoshindwa kupoa hufifia mapema.

Wengi hupoteza miche mwishoni, siku ya kuitoa. Jua la mchana linafika karibu maikromoli 2,000, mara kumi ya mwanga uliouzoea mche wako. Uweke kwanza chini ya mwembe, kisha kila siku uuongezee jua la asubuhi kidogo kidogo, huku ukipunguza maji bila kuuacha unyauke. Baada ya siku 7 hadi 10 uhamishie shambani, jioni.