Maswali ya Wasomaji: Mawe Mapana Chini, Madogo Juu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilipomtembelea dada yangu anayeishi Uingereza, alinipeleka kijiji cha Bibury, mkoani Gloucestershire, kuziona nyumba za mawe za Arlington Row. Mapaa yake yana mwinamo mkali mno, na mawe yaliyoyaezeka ni mapana chini na madogo juu. Je, hayo ni mapambo tu? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Macho hufurahi, ndugu msomaji, lakini fundi alikuwa akipigana na maji na uzito. Mawe ya Cotswolds, eneo la vilima kilimo kijiji cha Bibury, ni ya chokaa, yenye chembe za mviringo mithili ya mayai ya samaki, nayo hunywa maji. Kama paa lingelazwa, mvua ingetuama baina ya vigae, na jalidi ya usiku, yaani baridi inayogandisha maji, ingevipasua. Kila kigae hutobolewa tundu, kikapitishiwa kijiti cha mwaloni na kuangikwa kwenye fito, na safu ya juu hufunika maungio ya safu iliyo chini yake. Vipana hukaa chini, karibu na ukuta unaoweza kuvibeba, mahali ambapo maji yote ya paa hupitia, na vidogo hupandishwa kileleni ili makombamoyo yasielemewe. Isitoshe, machimbo hayatoi mawe ya kipimo kimoja, hivyo kuyapanga kwa ukubwa kuliokoa hata vipande vidogo.

Huko Stonesfield, Oxfordshire, jalidi hiyohiyo, adui wa paa, ilifanywa kibarua: mawe yaliyochimbwa yaliachwa nje wakati wa baridi yakiwa yamelowa, na maji yalipoganda ndani yake yakayapasua kuwa mabapa.

Kuhusu safu ya nyumba za Arlington Row yenyewe, ilijengwa mnamo 1380 kama ghala la sufu la watawa, ikagawanywa kuwa nyumba za wafumaji katika karne ya 17. Ndiyo maana haina ulinganifu wa nyumba zilizokusudiwa tangu mwanzo kuwa makazi.

Ninaloliona la hatari leo ni ukarabati. Kuta hizo kwa kawaida ni za pande mbili za mawe, katikati zikijazwa kokoto na vifusi, na chokaa iliyoziunganisha huruhusu unyevu utoke polepole. Anayeziba nyufa kwa saruji, hata kwa nia njema, huufungia unyevu ndani ya jiwe; jalidi ikija, uso wa jiwe humeguka na saruji hubaki imetokeza peke yake.