Kabla hujafungua PABX: maneno kwa fundi mgeni wa simu za ofisini

Mdogo wangu, ukifika kwenye ofisi usiyoijua, usikimbilie sanduku lililo ukutani, yaani PABX, mashine inayogawa simu za ofisi. Uliza kwanza mambo mawili: laini ngapi zinaingia jengoni kutoka kampuni ya simu, na simu ngapi ziko mezani. Ofisi ya pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, yaweza kuwa na ekstensheni (simu za ndani) 40 na laini za nje 4 tu. Watu 40 wanaweza kupigiana humo ndani, ila wanaoweza kuongea na nje kwa wakati mmoja ni 4. Wa 5 akibonyeza 9 kuomba laini atasikia bize, na hapo ndipo atakapokupigia wewe akilalamika kuwa mashine imekufa. Mashine ni nzima, haina ubovu. Laini ndizo zimejaa.

Nusu ya malalamiko utakayopokea ni ya namna hiyo, kwa hiyo jifunze kuikata njia ya simu vipande viwili. Chukua simu ya kawaida ya bei ya Kariakoo, uwe nayo kwenye mkoba siku zote. Chomoa laini ya nje kutoka kwenye PABX, ichomeke kwenye simu hiyo moja kwa moja. Toni ikiwepo na ukiweza kupiga, tatizo liko upande wenu. Isipokuwepo, funga mkoba upige ripoti kwa kampuni ya simu. Nimeona mafundi wakibadilisha kadi nzima kwa sababu ya waya uliokatika barabarani.

Sanduku lenyewe halina uchawi. Kuna kadi ya umeme, kadi ya ubongo inayotunza mipangilio, kadi za laini za nje na kadi za ekstensheni. Hizi mbili za mwisho usizichanganye hata kama matundu yake yanafanana. Kadi ya laini ya nje inasubiri umeme kutoka kampuni ya simu. Kadi ya ekstensheni ndiyo inayotoa umeme kwenda mezani. Simu ikiwa imetulia, waya una takriban volti 48. Mtu akinyanyua mkono wa simu zinashuka hadi chini ya 15 hivi. Simu inapoita, umeme wa kengele hufika karibu volti 90, na huo utausikia vizuri ukishika waya uchi kwa vidole vyenye jasho. Kwa joto la mji huu, jasho halikosi.

Kuna simu za mezani zenye vitufe vingi na taa, kama ile ya mapokezi. Zile ni za kidijitali na zinaelewana na mashine ya kampuni iliyozitengeneza tu. Ukiichomeka kwenye tundu la simu ya kawaida itakaa kimya. Taa inayowaka bila kupepesa kwa kawaida maana yake laini inatumika, inayopepesa ni simu inayoingia au iliyoshikiliwa. Hili mfundishe dada wa mapokezi siku ya kwanza, pamoja na tofauti ya kushikilia simu na kuihamisha. Halafu msikilize. Yeye ndiye anayejua kuwa laini ya 3 inakwaruza kila mvua ikinyesha, na hakuna kipimo kitakachokuambia mapema kuliko yeye.

Kuna jambo moja linalosumbua hata wakongwe. Wateja wanalalamika kuwa namba kuu ya 022 iko bize siku nzima, ukiangalia mashine unaona laini 3 zimelala. Msururu wa simu kuhama kutoka laini ya 1 ikiwa bize kwenda ya 2 na kuendelea hupangwa na kampuni ya simu huko kwao. Utaibonyeza PABX mpaka usiku bila kupata kitu. Kazi ya mashine yako inaanza simu ikishaingia: ilie mapokezi, au ilie kwenye kundi la watu wa mauzo kwa zamu.

Ofisi nyingi mpya za Posta na Masaki sasa zinapitisha simu kwenye mtandao wa kompyuta. Hesabu ni nyepesi: simu moja isiyobanwa sauti hula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu 10 zinataka kama megabiti 1 isiyoguswa na wapakuaji wa filamu. Ukiambiwa “mimi namsikia, yeye hanisikii”, acha simu, nenda kwenye rauta.

Umeme wa TANESCO ukikatika, PABX nyingi za zamani huunganisha laini ya 1 moja kwa moja na simu moja ya kawaida. Tafuta ni simu ipi, ibandike lebo. Simu za mtandao hazina ukarimu huo: UPS (betri ya akiba) lazima ishike seva, rauta na swichi inayozilisha umeme, vinginevyo zote zinazimika pamoja. Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini, usiipuuze, hasa kuelekea masika. Na kwa ofisi za karibu na bahari, maungio ya shaba yaliyosokotwa kwa mkono huota kutu ya kijani. Mkwaruzo mwingi unatoka hapo.

Usiondoke bila kubadilisha nywila iliyokuja na mashine kutoka kiwandani. Wezi wanazijua zote, wakiingia hupiga simu za nje ya nchi Ijumaa usiku hadi Jumapili wakati ofisi imefungwa, na bili inakuja kwa mwajiri wako. Funga simu za kimataifa kwa kila ekstensheni isiyozihitaji. Zima pia ile huduma ya mtu wa nje kupiga akapewa laini ya kutokea, kama hakuna aliyeiomba kwa maandishi. Kisha hifadhi nakala ya mipangilio kwenye flashi mbili, moja ikae kwa bosi.