Vibao vya rejeta kwenye Rolls-Royce 20/25, na geji ya joto iliyolala sifuri

Mkuu, umeuliza kwa nini 20/25 ina vibao vya kufungua na kufunga upepo mbele ya rejeta wakati Cadillac V8 ilishakuwa na themostati (kifaa kinachofungua na kufunga chenyewe kulingana na joto) tangu 1914, na kama unaweza kuving'oa kwa kuwa huku hakuna theluji. Pia geji yako ya joto la maji haipandi. Anza na geji, vibao viache kwanza.

Cadillac walidhibiti maji: injini ikiwa baridi, themostati inabana njia ya kwenda kwenye rejeta. Injini inapata moto haraka, lakini kwenye baridi kali maji yaliyosimama ndani ya rejeta yanaweza kuganda huku injini ina moto. Rolls-Royce waliacha maji yazunguke muda wote, wakadhibiti upepo. Kwenye 20 hp ya 1922, iliyotangulia 20/25, vibao vililala mlalo na dereva alivifungua kwa mkono. Kwenye 20/25 za baadaye vimesimama wima na themostati ndiyo inayovivuta. Zile za mkono, dereva ndiye themostati, kwa hiyo geji lazima iwe mbele ya macho yake. Kipimajoto cha Boyce cha juu ya mfuniko wa rejeta ni pambo zuri, basi. Kinapima mvuke ulio juu ya maji. Maji yakishuka sana kinasoma hewa, na wewe unaona mambo shwari.

Geji ya dashibodi kama yako ni balbu yenye etha (kimiminika kinachogeuka mvuke upesi), kijibomba chembamba cha shaba, na mrija uliopinda unaonyooka shinikizo likipanda. Etha inachemka kwa nyuzi 35 hivi, na kwa nyuzi 100 shinikizo lake linapita mara 6 ya hewa ya kawaida. Linapanda kwa kasi zaidi kadiri joto linavyozidi, ndiyo maana namba za chini zimebanana na za juu zimeachana: unasoma vizuri pale penye hatari. Ubaya ni kwamba kijibomba kikipasuka, sindano inalala sifuri hata maji yakichemka.

Tumbukiza balbu kwenye sufuria la maji ya moto pamoja na themomita. Sindano isipotikisika, etha imekwisha. Tafuta geji nyingine nzima ya etha, zika balbu yake kwenye barafu na chumvi mpaka ipoe kabisa, kata kijibomba, unganisha na kichwa cha geji yako kwa kijibomba kifupi cha shaba kinachovika ncha zote mbili, kisha lehemu upesi kwa pasi ya umeme. Usitumie moto wa gesi: etha inalipuka. Bila barafu, kwenye joto la Dar itaruka yote ukikata tu.

Sasa vibao. Chomoa fimbo inayoviunganisha, sukuma kimoja kimoja kwa kidole. Kinachokwama kipate oili nyepesi kwenye pini. Grisi inakusanya vumbi. Vikigoma kufunguka, viache wazi na uvikaze hivyo kwa waya, uendeshe gari huku ukitafuta kipuri. Kuving'oa kabisa ni kuharibu gari bila faida.

Na usiweke mfuniko wa presha, ule unaozuia mvuke kutoka kwenye rejeta. Themostati ya zamani ni kifuko cha shaba chenye mikunjo kinachotanuka kwa joto. Presha ikikibana kinachelewa kutanuka, na viungo vya rejeta vilivyolehemiwa kwa risasi vitaanza kuvuja. Mfumo wa maji wa gari hili ni wa wazi, kwa hiyo mahali pa juu kama Nairobi maji yanachemka karibu nyuzi 94. Ukiendesha huko, weka alama yako ya hatari hapo, si 100.