Baba Amepasuliwa Moyo, Naye Anaambiwa Atupe Vidonge

SWALI: Asalaam alaykum, shekhe. Baba yetu, mkazi wa Ujiji, alibadilishiwa vali ya moyo Dar es Salaam, akawekewa ya chuma. Kidonda kikatunga usaha, kifua kikafunguliwa mara ya pili. Hii ni wiki ya saba tangu hapo. Analala amekaa kitini, na kila akiswali analia kwa kuwa hawezi kusujudu. Ustadhi mmoja ametwambia moyo ni nyumba ya imani, kuupasua ni kuchezea siri ya Allah, ndiyo maana hapati nafuu. Atupe vidonge, anywe kombe tu, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Karatasi ya kukubali upasuaji nilisaini mimi. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Najibu haraka, maana hilo la kutupa vidonge linaweza kuwaingiza msibani.

Damu huganda upesi kwenye vali ya chuma. Kinachoizuia ni kile kidonge cha kila siku, ndiyo maana hupimwa damu mara kwa mara na kipimo chake hubadilishwa. Akikiacha, bonge la damu laweza kuiziba vali au kupanda kwenye ubongo, mzee akapooza au akafa. Na Allah amesema: "Wala msijiue" (4:29).

Ustadhi atasema nia yake njema. Jabir anasimulia kwamba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe akapasuka kichwa, kisha usiku akaota ndoto ya janaba, ikampasa kuoga. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Wakamwambia huna, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alisema: "Wamemuua, Allah awaue! Kwa nini wasiulize wasipojua? Hakika tiba ya kutojua ni kuuliza." Ameipokea Abu Dawud. Wale walikuwa Maswahaba, na walidhani wanailinda dini! Basi anayetoa fatwa juu ya dawa asiyoijua hata jina, kwa mgonjwa asiyewahi kumpima, atajibu nini siku ya hesabu?

Na hiyo hoja ya nyumba ya imani haina aya wala hadithi. Imani haikai kwenye nyama ikamwagika kwa kisu. Katika Sahihi Muslim, Anas anaeleza jinsi Jibril alivyompasua Mtume kifua utotoni, akautoa moyo, akauosha kwa Zamzam, akaurudisha. Kisha Anas anasema alikuwa akiiona alama ya sindano ya kushonea kifuani mwa Mtume. Ule ni muujiza, siutumii kuhalalisha upasuaji. Uhalali wake unatosha kwa amri ya Mtume ya kutafuta dawa. Nimeutaja kwa ajili ya mzee, anapofungua vifungo vya shati na kuliona kovu lake.

Kombe sikatai. Msomeeni Fatiha asubuhi na jioni. Ila lisikae mahali pa kidonge, na dawa ya mizizi asipewe kabla ya kumuuliza daktari, kwani nyingi hugombana na dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kuhusu swala, aswali kitini, ainame kidogo kwa rukuu na zaidi kwa sujudu. Mtume alimwambia Imran bin Huswayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Mfupa wa kifua cha baba yako ulikatwa kwa msumeno ukafungwa kwa waya, kisha kifua kikafunguliwa tena. Akijiegemeza mikononi ili asujudu anaweza kuutengua. Kuinama kwake ndiyo sujudu yake, na ni kamili.

Wewe huna dhambi. Ulisaini ili baba yako aishi. "Lau nisingekubali" ni neno ambalo Mtume ametuambia hufungua kazi ya shetani, lifunge.

Kuna jambo hukuniuliza. Kile kilio chake huenda si cha sujudu peke yake. Wengi waliopasuliwa moyo hulia, husahau, huogopa usiku, na huo si upungufu wa imani. Mwelezeni daktari. Wageni wawe wachache, wasimsimulie waliokufa. Akiinuka msimvute mkono. Akipata homa, usaha ukirudi, au akisikia mfupa unagonga kifuani, msingoje kesho, mpelekeni hospitali ya Maweni.

Jumamosi baada ya Alasiri, inshallah, nitakuja Ujiji kumjulia hali. Huyo ustadhi naye mwite, tuzungumze pembeni. Na mzee mwambie asisimame kunipokea.