Picha ya ngozi nyeusi huharibika kabla programu haijaisoma

Umeuliza kwa nini programu ya simu inayosoma picha za ngozi imesema mguu wa mama yako hauna wekundu wowote, ilhali ukiugusa unahisi joto. Nimeuguza vidonda kwa miaka mingi, na naomba nijibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Nilikuwa na mgonjwa mzee, mweusi tii, aliyelala kitandani kwa wiki kadhaa. Nilipompapasa nilikuta kisigino cha kushoto kina joto na kimekakamaa kuliko cha kulia, dalili za mwanzo za kidonda cha mgandamizo, yaani kile kinachotokana na kulalia sehemu moja kwa muda mrefu. Nilipiga picha nikamtumia daktari aliyekuwa mbali, naye akajibu kwamba haoni wekundu. Hakukosea: kisigino kilikuwa juu ya shuka jeupe, kamera ikapunguza mwanga kwa sababu ya weupe ule, na ngozi ikawa giza tupu. Nikarudia juu ya kitambaa cha kijivu, bila flashi, kwa mwanga wa dirishani uliotoka ubavuni, visigino vyote viwili katika picha moja. Hapo doa la zambarau likajitokeza. Wekundu aliokuwa akiutafuta usingeonekana, kwa kuwa katika ngozi nyeusi sana damu iliyojaa mahali huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu.

Programu iliyofundishwa kwa picha nyingi za ngozi nyeupe hutafuta wekundu uleule. Hata kipimo cha Fitzpatrick cha mwaka 1975, kinachogawa ngozi katika aina sita, ambacho bado hutumika kupanga picha hizo, kilibuniwa kukadiria jinsi ngozi inavyoungua kwa jua. Kipimo cha Monk chenye rangi 10 za ngozi, kilichotolewa mwaka 2022, kinafaa zaidi kwa kazi hii.

Eksirei na ultrasaundi hazisumbuliwi na melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, ila vifaa vinavyotumia mwanga husumbuliwa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni mfano: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 kwa weupe.

Piga picha upya nilivyoeleza, miguu yote miwili pamoja, na uandike chini yake mkono wako ulihisi nini. Lakini usingoje picha itoke vizuri; mguu wenye joto unapaswa kuonwa na daktari leo.