Mvua Ikukute na Miche, Si na Risiti ya Mbegu

Jumanne nimeletewa ujumbe na dada mmoja wa Usa River. Ana robo eka nyuma ya nyumba, ameshaifyeka, ana hamu. "Dada, mvua sasa imekolea kweli. Kesho naenda mjini kununua mbegu za nyanya. Nichukue pakiti ngapi?"

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Miaka 3 iliyopita ningeweza kuwa mimi niliyeandika ujumbe huo, neno kwa neno.

Kwa wageni: nalima huku miteremko ya Mlima Meru, Arusha, robo eka, chini ya migomba ya marehemu mama mkwe. Mwaka ule nilikuwa nimeacha kazi ya kuajiriwa, na kila mtu kwenye simu yangu alikuwa tajiri wa nyanya. Nikachukua mkopo kwenye kikoba. Mvua ya kwanza ya masika ilipopiga bati usiku, asubuhi nikawa wa kwanza kwenye duka la pembejeo. Nikanunua Tanya, kwa sababu hiyo ndiyo aina ambayo kila mmoja huku anaijua, ngozi ngumu, haipasuki kwenye tenga. Nikajiona mjanja sana: masika nyanya huadimika, bei hupanda, mimi nitakuwa nazo.

Sikujiuliza kwa nini huadimika.

Mbegu ukisia siku ya mvua ya kwanza, mche unahitaji wiki 4 kitaluni kabla ya kuhama. Kwa hiyo nikapandikiza Aprili, udongo ukiwa uji. Kwenye mashimo nikatia samadi niliyoitoa zizini kwa jirani siku hiyo hiyo, bado ina moto. Miche mingine ikaungua, mingine ikakatwa shingo na sota, wale viwavi wa udongoni. Nikajaziliza. Nikasimika miti ya kuegemeza, nikafunga kamba, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia. (Ile picha. Laiti ningeweza kuifuta kwenye simu za watu.) Mei ukashuka ukungu, baridi, manyunyu kutwa kucha. Nikaona madoa kama maji ya moto yamemwagikia majani. Nikakimbilia dukani na jani mkononi, nikauziwa dawa, nikapiga. Baadaye bwana shamba akaisoma chupa akanitazama kwa huruma: ilikuwa dawa ya wadudu. Ugonjwa wenyewe ni bakajani chelewa, unaletwa na vimelea vinavyofanana na kuvu, si wadudu, na dawa zake nyingi hupigwa kabla jani halijaugua. Siku 4 tu, shamba zima likawa kama limepitiwa na moto.

Wiki hiyo hiyo shemeji yangu akaja kwa ajili ya msiba wa jirani. Akasimama ukingoni mwa shamba, mikono mfukoni, akasema mbele ya watu, "Kumbe hizi ndizo zile nyanya za kwenye simu?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Deni la kikoba nililimaliza Desemba. Lile neno sijalimaliza.

Sasa basi, mdogo wangu wa Usa River, nisikilize. Bustani ya masika haianzi Machi. Inaanza Januari, jua likiwa kali na wewe huna hamu ya chochote. Mimi sasa mwezi huo nakusanya samadi, nairundika, naifunika kwa majani ya migomba, naigeuza kila baada ya wiki 2. Februari ikiisha, ingiza mkono katikati ya rundo. Kama ni baridi na linanuka udongo, limeiva. Likikuchoma, liache.

Na usidanganyike kwamba utalisha robo eka nzima. Nilipiga hesabu: debe 1 la samadi kwa mita 1 ya mraba, robo eka ni kama mita 1,000 za mraba. Madebe 1,000 utayatoa wapi? Nimetengeneza matuta 12, kila moja mita 10 kwa mita 1, basi. Madebe 120. Palipobaki nimewaachia migomba na maharage. Tuta liinuliwe hadi katikati ya muundi, na likinge mteremko, lisifuate mteremko, la sivyo masika itakuchukulia udongo na samadi yako ikampelekee jirani wa chini.

Katikati ya Februari kitalu. Hapa ndipo wengi mnapofia. Unasia kwa mistari, kiasi cha sentimita 15 kati ya mstari na mstari, unafunika nyasi kavu, unamwagilia asubuhi. Asubuhi, nimesema, ukilaza kitalu na maji usiku, ugonjwa wa kinyausi utakukatia miche chini kabisa, inalala kama imelewa. Mche wa kwanza ukichungulia, nyasi zitoke siku hiyo hiyo. Mwaka mmoja nilikwenda harusini Moshi siku 3, nikarudi nimekuta miche mirefu myeupe kama tambi. Wiki ya mwisho punguza maji, miche izoee shida. Kuhamisha ni jioni, jua likishapoa.

Mwaka huu mvua za kwanza zilinikuta na miche ya majani 4 na matuta yaliyokaa tayari, hivyo nilichofanya ni kupandikiza tu. Chainizi, sukuma wiki, figiri. Mnavu nimeuweka mbali kabisa na lile shamba la aibu. Mwaka wa pili niliupanda pale pale nyanya zilipofia, nikidhani mboga ya majani ni kitu kingine, kumbe ni ndugu wa damu na nyanya, pamoja na viazi mviringo, biringanya na pilipili. Ndugu hawa usiwapokezanishe tuta moja.

Jumamosi iliyopita nimepeleka chainizi ya kwanza soko la Tengeru. Saa nne asubuhi nilikuwa nimekunja turubai. Wanunuzi wawili, mama lishe, wamechukua namba yangu, wanataka mzigo kila Jumatano. Najisifu? Najisifu. Nimelipia.

Wanawake wenzangu, tuacheni tamaa ya tenga la nyanya kwa sababu mtu fulani amepiga picha amesimama nalo. Majani hayana sifa, hakuna anayekupongeza kwa figiri. Lakini majani yanalipa ada, yanarudi kila wiki, na ukikosea tuta moja unayo mengine 11. Mungu ametupa udongo wa volkano, mfereji na zamu ya maji, halafu tunamjaribu kwa kusia mbegu siku ya mvua. Andaa kabla. Nimesema, narudia: andaa kabla.

Kwako wa Usa River: pakiti za nyanya ngapi? Sifuri. Ukienda mjini nunua mchicha. Huo hauhitaji kitalu. Inua matuta mawili, sia kwa mistari, funika nyasi nyepesi mvua isizifukue mbegu, na kwa kuwa samadi yako haijaiva, omba mboji kwa mtu hata ndoo chache. Baada ya mwezi utakuwa unang'oa. Nyanya tutazungumza mvua zikipungua, na uje umesharundika samadi yako.

Halafu, shemeji amepita juzi. Safari hii hakusimama ukingoni, ameingia hadi kati ya matuta, ameomba mboga ya kubeba. Nimemfungia mafungu 3 ya chainizi, nikamtajia bei ya sokoni.